Kabla Hujapandisha Kuta: Moto na Nyumba ya Kupangisha

Rangi na vigae viache kwanza. Kama unajenga mizigo hapa Kampala, yaani vyumba vya kupangisha vilivyopangwa mstari mmoja, jiulize hivi: chumba kimoja kikishika moto, wa chumba cha pili atapata dakika ngapi?

Nyasi kila mtu anazijua. Makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, yaliyoezekwa nyasi, yaliteketea Machi 2010 tukiona. Tofali la kuchoma limeshapita tanurini, halina shida. Gogo nene la mbao huliwa polepole, chini ya milimita moja kwa dakika, kwa sababu makaa ya nje hukinga kiini. Mbao nyembamba za paa hazina kiini cha kukingwa. Chuma hakiwaki, ila kikifika nyuzijoto 550 hivi kimebaki na takriban nusu ya nguvu zake, na moto wa chumba hufika huko upesi, kwa hiyo usijisifu kwamba paa lako ni la chuma. Dari ya plastiki hutoa moshi unaochoma koo. Weka dari ya jipsamu, zile bodi nyeupe kama chokaa: ina maji ndani yake, na moto lazima uyakaushe kwanza kabla ya kupenya.

Sasa ukuta wa kati. Hapa nisikilize vizuri.

Nilijenga vyumba 6 Bwaise. Fundi akaniambia, "Mama, hizi kuta za katikati tuziishie kwenye dari. Huko juu nani ataona? Utaokoa matofali." Nikakubali. Usiku mmoja umeme ulikatika, mpangaji wa chumba cha kwanza akalala na mshumaa unawaka. Yeye alitoka salama, na ukuta wake haukupata hata ufa. Lakini moto ulitoboa dari, ukakuta huko juu ni ukumbi mmoja mrefu chini ya mabati, ukatembea humo bila mtu kuuona. Dada wa chumba cha nne haukumjia mlangoni wala dirishani, ulimdondokea kitandani. Alimtoa mtoto wake, mikono ikaungua hadi viwikoni. Nilipokwenda kumwona hospitalini aliniuliza, "Mama, moto ulipitaje na ukuta upo?" Jibu nilikuwa nalo. Nilishindwa kulitamka.

Basi kila ukuta wa kati upande mpaka ufike kwenye bati, na mwanya unaobaki uzibwe kwa saruji, si kwa makaratasi ya mifuko yake. Matundu ya nyaya yazibwe pia. Panda ngazi mwenyewe kabla dari haijapigwa. Fundi akikuapia kwamba ameziba, panda vilevile.

Madirisha yenye nondo: angalau moja lifunguke kwa ndani, ufunguo uning'inie karibu, na watoto waujue. Mlango usifungwe kwa kufuli la nje watu wakiwa ndani, hata kama ni kwa dakika tano.

Na nyumba ikishaungua, usikimbilie kupiga plasta. Zege lililogeuka rangi ya waridi huenda limepikwa na moto likapoteza nguvu. Mhandisi aligonge kwanza. Nondo zilizopinda usizinyooshe ukazirudishia. Kuta zilizobaki bila paa hazina cha kuzishikilia, upepo wa kawaida unaziangusha, kwa hiyo watoto wasicheze hapo, waokota vyuma wasiingie, na wewe mwenyewe usisimame chini yake, hasa mvua ikiwa imenyesha.