Jinsi ya kupitia upya utabiri wako wa NBA msimu unapofika nusu

Nusu ya msimu wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, hufika katikati ya Januari, na hapo ndipo watabiri wengi huharibu kazi yao. Wapo wanaong'ang'ania walichoandika Oktoba kana kwamba hakuna mechi iliyochezwa. Wengi zaidi hutupa kila kitu na kunakili msimamo wa ligi ulivyo leo, halafu wanauita utabiri mpya. Hapa tunapima sababu kwanza, ndipo tuguse namba. Mifano mingi ni ya msimu wa 2024-25, kwa kuwa umekwisha na majibu yake yanajulikana.

Unahitaji lahajedwali yenye mistari 30, takwimu za timu kutoka tovuti ya ligi au tovuti ya takwimu ya Basketball Reference, na utabiri ulioandikwa kabla ya mechi ya kwanza. Tenga saa mbili au tatu.

Hatua ya 1: Funga utabiri wa Oktoba

Weka utabiri wa zamani kwenye safu zake na uzifunge zisiharirike. Kila timu iwe na vitu vitatu: idadi ya ushindi, sababu kuu, na sharti ambalo likivunjika utabiri wote unaanguka. Kwa mfano: Philadelphia, ushindi 50, sababu ni Joel Embiid, Tyrese Maxey na Paul George kuwa pamoja, sharti ni Embiid acheze walau mechi 55.

Kama Oktoba hukuandika sababu, usiitunge sasa. Ukishajua matokeo, kichwa hukupa sababu nzuri kuliko uliyokuwa nayo. Acha kisanduku kitupu, timu hiyo ipimwe kwa namba peke yake.

Kisha jumlisha safu ya ushindi. Timu 30 zikicheza mechi 82 kila moja, ligi nzima ina mechi 1,230, kwa hiyo jumla ya ushindi lazima iwe 1,230. Watabiri wengi huvuka hapo, maana ni rahisi kuona timu itakayopanda kuliko kukubali itakayoshuka. Ukipata 1,260, umegawa ushindi 30 ambao haupo. Tengeneza safu ya pili na utoe 1 kwa kila timu. Safu ya kwanza usiiguse.

Hatua ya 2: Chagua tarehe moja

Timu hazifiki mechi ya 41 siku moja. Chagua tarehe, kisha kwa kila timu tumia idadi halisi ya mechi ilizocheza, iwe 39 au 43. Usingoje wikiendi ya All-Star (mapumziko ya mechi ya nyota, Februari) ukidhani ndiyo nusu. Kufikia hapo timu nyingi zimeshapita mechi 50.

Mambo mawili huvuruga hesabu hapa. La kwanza ni tarehe. Mechi inayoanza New York saa moja usiku wakati huu wa mwaka, Dar es Salaam na Nairobi ni saa tisa usiku, tarehe ya kesho yake. Ukichanganya orodha ya tarehe za kwetu na ya Marekani, timu moja itabaki na mechi ya ziada. Shika tarehe za Marekani mwanzo hadi mwisho. La pili ni fainali ya NBA Cup, kombe linalochezwa ndani ya msimu: haihesabiwi kwenye msimu wa kawaida. Milwaukee walipoifunga Oklahoma City (Thunder) huko Las Vegas Desemba 2024, Thunder hawakuongezewa kipigo kwenye msimamo. Anayehesabu kwa kufuata orodha ya matokeo huwaandikia.

Hatua ya 3: Geuza pointi kuwa ushindi

Ushindi na vipigo vinasema kilichotokea. Tofauti ya pointi kwa mechi, yaani wastani wa kufunga ukitoa wastani wa kufungwa, hutabiri nusu ya pili vizuri zaidi. Kanuni ya haraka ni hii:

Ushindi kwa mechi 82 = 41 + (2.7 × tofauti ya pointi)

Timu yenye +3 ni ya ushindi 49 hivi. Kwa mechi 41 tumia 20.5 + (1.35 × tofauti).

Kanuni hii hufanya kazi katikati ya jedwali na huvunjika pembeni. Oklahoma City ya 2024-25 ilifunga wastani wa 120.5 na kufungwa 107.6, tofauti ya +12.9, rekodi ya ligi. Kanuni ya haraka ingewapa karibu ushindi 76. Wao walimaliza na 68-14, yaani ushindi 68 na vipigo 14. Kwa timu iliyovuka +8 au kushuka chini ya -8, tumia kanuni ya vipeo: pointi za kufunga kwa kipeo cha 14, gawanya kwa jumla ya hizo na pointi za kufungwa kwa kipeo cha 14. Kwa Thunder unapata 0.830, sawa na ushindi 68.

Sahihisha pia uwanja. Faida ya nyumbani ni takriban pointi mbili kwa mechi. Timu iliyocheza 24 nyumbani na 17 ugenini imebebwa kwa pointi 0.3 hivi, kwa hiyo zitoe. Ni kidogo, ila kwa timu zinazogombea nafasi ya sita na ya saba huamua.

Hatua ya 4: Tafuta kilichosababisha pengo

Panga timu kwa ukubwa wa pengo kati ya ulichotabiri na tofauti ya pointi ya sasa. Anza na kumi zenye pengo kubwa. Zilizobaki hazihitaji upelelezi. Kila moja ipewe lebo moja kati ya hizi: majeraha, bahati ya mitupo, ratiba, mechi za kubanana, au *nilikosea*.

*Majeraha.* Hesabu mechi walizokosa wachezaji watano wanaocheza dakika nyingi. Indiana walianza 2024-25 kwa 10-15, na mtu wa haraka angewafuta. Lakini masenta wao wawili wa akiba, James Wiseman na Isaiah Jackson, walikuwa wamekatika kano za kisigino mwanzoni kabisa mwa msimu, na Aaron Nesmith alikuwa nje kwa kifundo cha mguu. Sababu ya Oktoba ilikuwa bado hai, ila haijapata watu wa kuionyesha. Walimaliza 50-32 na kufika mechi ya saba ya fainali.

Upande wa pili ni Philadelphia. Embiid alicheza mechi 19, timu ikamaliza 24-58. Hapa majeraha si kisingizio, kwa sababu afya yake ilikuwa ndani ya utabiri wenyewe: sharti la mechi 55 ulilichagua wewe ukijua historia ya goti lake. Jeraha la mchezaji asiye na historia liweke kwenye bahati. La mwenye historia liandike *nilikosea*.

*Bahati ya mitupo.* Hii ndiyo lebo inayosahaulika zaidi. Timu ina uwezo kiasi juu ya wingi wa mitupo ya pointi tatu inayoruhusu, ila uwezo mdogo sana juu ya mingapi itaingia. Wastani wa ligi ni karibu asilimia 36, na wapinzani hutupa kama 37 kwa mechi. Wakiingiza asilimia 34 badala ya 36, unaokoa pointi zaidi ya 2 kila mechi, sawa na ushindi 3 hivi ndani ya mechi 41. (Punguza kidogo, kwani mtupo uliokosa unaweza kuokotwa na mshambuliaji.) Ukiona ulinzi umeimarika ghafla, fungua kwanza takwimu hiyo kabla ya kumsifu kocha.

Kwa mitupo ya timu yenyewe kuwa mwangalifu zaidi. Mitupo huru na wachezaji wenye rekodi ya miaka mingi huaminika. Mchezaji wa akiba aliyepanda kutoka asilimia 33 hadi 42 mrudishe angalau nusu ya njia.

*Ratiba.* Kila timu hukutana mara mbili na timu 15 za kanda nyingine (ligi ina kanda mbili), na mara tatu au nne na za kanda yake. Angalia wastani wa ushindi wa wapinzani waliobaki. Ukiwa ndani ya asilimia mbili za nusu kwa nusu, endelea mbele.

*Mechi za kubanana.* Ligi huita hivyo dakika tano za mwisho zenye pengo la pointi tano au chini. Timu yenye 12-3 kwenye mechi hizo si lazima iwe na roho ngumu kuliko wengine. Mara nyingi imebahatika, na tofauti ya pointi imeshakuambia hivyo.

*Nilikosea.* Detroit walitoka kwenye 14-68, msimu wa vipigo 28 mfululizo, na kabla mwaka 2024 haujaisha walikuwa wamefikisha ushindi 14 tena. Kocha mpya J.B. Bickerstaff, wakongwe wa kutupa mbali, ulinzi ulionyooka: hakuna lebo ya bahati inayobeba yote hayo. Ulichoandika juu yao kifute kwa mstari mmoja, andika sababu mpya.

Hatua ya 5: Changanya la zamani na jipya

Utabiri wa Oktoba upe uzito wa mechi 25. Ongeza hadi 35 kwa timu yenye kocha na kikosi kilekile. Shusha hadi 15 kwa iliyobadilisha nusu ya wachezaji wake wakuu.

Chukua timu ya mfano. Oktoba uliiandikia ushindi 38. Sasa ina 24-17, inafunga 113.2 na kufungwa 112.6.

- Ushindi 38 ni tofauti ya (38 − 41) ÷ 2.7 = −1.1.
- Tofauti ya sasa ni +0.6.
- Mchanganyiko: (0.6 × 41 + (−1.1 × 25)) ÷ 66 = karibu 0.
- Mechi 41 zilizobaki: ushindi 20.5.
- Utabiri mpya: 24 + 20.5, yaani 44 au 45.

Anayezidisha mara mbili angesema 48. Ushindi 24 uliokwisha patikana hauondoki hata kama ulikuwa wa bahati. Kinachorudi chini ni kasi ya mbele tu. Hapo ndipo wengi hukosea, wakipunguza hata kile kilichokwisha kuwekwa mfukoni. Cleveland walikuwa 35-6 baada ya mechi 41, mwendo wa ushindi 70. Nusu ya pili walipata 29-12, msimu mzuri kwa yeyote, wakaishia 64.

Hatua ya 6: Jipe alama

Kwa kila timu chukua ukubwa wa kosa kati ya ulichotabiri na utabiri mpya, kisha tafuta wastani wa timu 30. Namba hiyo peke yake haina maana. Ilinganishe na mtabiri mvivu: ushindi wa msimu uliopita, uvutwe theluthi moja kuelekea 41. Detroit wa 14 anakuwa 23. Cleveland wa 48 anakuwa 46. Mvivu huyu naye alikosa sana kwa timu hizo mbili, kwa hiyo usijichape kupita kiasi kwa kuzikosa. Ila akikushinda kwenye wastani wa timu zote, maoni yako ya Oktoba yalipunguza thamani badala ya kuiongeza.

Hatua ya 7: Nafasi na tuzo

Timu ya 1 hadi 6 kila kanda huingia mtoano moja kwa moja. Ya 7 hadi 10 hupitia mchujo wa awali. Andika uwezekano kwa asilimia, si "wataingia".

Kwenye tuzo, hesabu mechi kwanza. Tangu 2023-24 mchezaji anahitaji mechi 65 kwa tuzo kubwa kama Mchezaji Bora, hivyo anaweza kukosa 17 tu. Embiid alikuwa akifunga kuliko yeyote msimu huo. Aliumia goti mwishoni mwa Januari, akaishia mechi 39, na tuzo ikaenda kwa Nikola Jokić. Aliyekosa 12 kufikia Januari mpe nafasi ndogo hata kama anang'aa.

Hatua ya 8: Fungua tena baada ya soko kufungwa

Dirisha la kubadilishana wachezaji hufungwa mwanzoni mwa Februari. Luka Dončić alipokwenda Lakers mwaka 2025, kila sababu iliyoandikwa juu ya Dallas ilikufa usiku mmoja. Dallas walimaliza 39-43. Golden State walikuwa 25-26 kabla Jimmy Butler hajaanza kuwachezea, kisha wakaenda 23-8. Kwa timu za namna hii shusha uzito wa Oktoba hadi 5, na wa nusu ya kwanza uugawe kwa mbili.

Namba hizi ziingie safu mpya yenye tarehe yake, ya Januari nayo ifungwe. Mechi ya 82 ikiisha Aprili, pima kosa la kila safu. Ikiwa ya Januari imekosea kuliko ya Oktoba, uzito wa 25 ulikuwa mdogo kwako. Anza msimu ujao na 35.