Kabla mzee hajaingia bafuni: mambo ya kuangalia nyumbani

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu. Wanaoathirika zaidi ni waliovuka miaka 60. Nyumbani, bafu ndipo hatari zinapokutana: maji, sabuni, sakafu ngumu, mtu asiye na cha kushika, na mlango uliofungwa kwa ndani. Usisubiri mzee aanguke mara ya kwanza ndipo uite fundi. Nyonga ikivunjika uzeeni, wengi hawarudi kutembea kama zamani.

Kabla hujanunua chochote, mfuate mzee njia nzima, toka kitandani hadi anaporudi kuvaa. Utaona kwamba kujimwagia maji kwenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni kuinama kufuata maji, kuinua mguu ili ausugue, kugeuka kutafuta sabuni iliyodondoka, na kuvuka kizingiti miguu imelowa.

Kwa hiyo anza na ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 za maji, na mzee asiibebe hata kama anasisitiza kwamba bado ana nguvu. Maji yatangulie bafuni, naye afuate mikono mitupu au na fimbo yake. Ndoo ikikaa sakafuni, mtu aliyesimama huinama na kuinuka kwa kila kopo moja, na kila anapoinuka kichwa kinapanda haraka kuliko damu inavyoweza kukifuata. Hapo ndipo kizunguzungu kinapomkamata. Ipandishe ndoo juu ya stuli imara, mdomo wake ufike karibu na usawa wa mapaja ya mtu aliyekaa, na umpe kopo jepesi la nusu lita lenye mkono. Ndoo nusu inatosha kuanzia. Ya pili iwe karibu, mtu mwingine aisogeze.

Kisha akae. Kuoga umekaa hakumpunguzii mtu utu wake, na wazee wengi wakishajaribu hawataki tena kusimama. Ila kiti chenyewe kichaguliwe kwa makini. Kile cha plastiki tulichokizoea hutanua miguu juu ya marumaru yenye sabuni, na chenye ufa kinaweza kupasuka ghafla. Kigoda nacho ni kifupi mno: kukikalia ni rahisi, kuinuka ndiyo kazi. Mwambie seremala akutengenezee kiti kizito cha mbao chenye mikono, kisha miguu yake ivalishwe vipande vya mpira wa tairi. Urefu sahihi ni ule ambao nyayo zinakanyaga chini zote na magoti hayapandi juu ya nyonga. Mzee ajaribu kwanza bafu likiwa kavu, naye amevaa nguo zake. Asipoweza kuinuka hapo, hataweza akiwa amelowa.

Kwa wazee wa Kiislamu kuna jambo ambalo wanaoandaa bafu hulisahau: udhu. Mara tano kwa siku, na ya kwanza kabla hakujapambazuka, mzee anasimama kwa mguu mmoja ili aoshe wa pili kwenye sinki au chini ya bomba. Kwa umri huo, kusimama kwa mguu mmoja juu ya sakafu iliyolowa gizani ni hatari kuliko kuoga kwenyewe. Udhu unatimia mtu akiwa amekaa. Muwekee kiti kingine kando ya bomba, birika lijazwe tangu usiku, na kitambaa cha kufutia miguu kiwe begani au mapajani, si chini sakafuni.

Sakafu isuguliwe kwa brashi kila wiki, maana ule utelezi wa kijani huota taratibu hata usiuone. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Zikikutana hutoa gesi ya sumu. Marumaru zinazong'aa zinapendeza, lakini bafuni kwa mzee ni heri saruji iliyokwaruzwa kwa fagio ikiwa mbichi. Kama marumaru zimeshawekwa, weka mkeka wa mpira wenye vinyonyeo chini, na uuinue ukauke kila baada ya kuoga. Gunia, fulana kuukuu au kipande cha zulia mlangoni, viondoe leo. Ndala nazo zigeuze uangalie soli: zikiwa laini kama kiganja, zimekwisha kazi. Kizingiti kisichoondoleka kipakwe rangi nyeupe au ya njano ukingoni ili macho hafifu yakione.

Kuhusu vyuma vya kushikia nina msimamo mkali. Chuma cha kutundikia taulo si cha kushikia. Mzee anapoteleza hukamata kilicho karibu, na kikingoka anaanguka nacho. Kinachofaa ni bomba la chuma la kipenyo cha sentimita 3 hadi 4, linaloenea kiganjani, limefungwa kwa boliti ndefu kwenye ukuta wa matofali ya saruji, kimo cha sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Kimoja kiwe mlangoni na kingine kando ya kiti. Ukuta ukiwa wa udongo au tofali mbichi, usiutegemee. Chimbia nguzo ya chuma sakafuni na uimwagie zege. Fundi akimaliza, zege likakauka, mtu mzima mwenye mwili akining'inie kabla ya kumkabidhi mzee. Na muulize mwenyewe mapema: "Mzee, ungependa chuma kikae mkono gani?" Asiposhirikishwa, atakiacha na kuendelea kushika ukuta.

Mlango unaofunguka kwa ndani ni mtego, kwa sababu mzee akianguka nyuma yake mwili wake unauzuia. Bawaba zihamishwe ufunguke kwa nje. Komeo la ndani liondolewe au lifungwe la aina inayofunguka pande zote mbili, na ili stara ibaki, khanga ikitundikwa mlangoni nyumba nzima ijue kuna mtu. Stara ni jambo zito. Baba mkwe hawezi kuogeshwa na mkwe wake, na mama wengi hawatakubali mtoto wa kiume aingie. Zungumzeni mapema, mzee akiwa na afya, nani atamsaidia siku nguvu zikipungua: mara nyingi mjukuu, ambaye kwa utani wao hakuna aibu kubwa, au ndugu wa rika lake. Anayesaidia amfunike kwa khanga na kuosha sehemu kwa sehemu. Sehemu za siri aoshe mwenyewe maadamu mkono unafika.

Maji ya moto yana utaratibu wake. Baridi hutangulia kwenye ndoo, moto hufuata, na sufuria isipite mahali mzee alipo. Ngozi ya uzeeni ni nyembamba. Maji ya nyuzi 60 huiunguza kwa sekunde chache tu. Mwenye kisukari cha muda mrefu huenda miguu yake haisikii moto, kwa hiyo mtu mwingine apime kwa kiwiko, si yeye kwa unyayo. Kile chuma cha umeme cha kuchovya kwenye ndoo kizimwe na kuchomolewa kabla mtu yeyote hajagusa maji. Na kule kwenye baridi, Njombe, Lushoto au Limuru, msiingize jiko la mkaa bafuni ili pawe na joto. Gesi yake ya sumu haionekani wala hainuki, na bafu lililofungwa hujaa upesi.

Chagueni saa ambayo nyumbani kuna watu na jua limepanda. Asioge akiwa na njaa, wala mara tu baada ya kumeza dawa za presha. Nesi anaweza kumpima presha akiwa amelala, kisha dakika ya kwanza na ya tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aambiwe. Kipimo hicho kirudiwe kila dawa inapobadilishwa.

Filimbi avae shingoni, maana kengele iliyo juu ukutani haifikiki kwa mtu aliye chini. Mkimkuta ameanguka, msimnyanyue kwa kwapa. Mfunikeni, muulizeni anaumia wapi, tazameni miguu. Mguu mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika: mwacheni hapo hapo na mtafute usafiri wa kumlaza. Akiwa amegonga kichwa, na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama anasema hajambo, na dawa zake zote zitiwe kwenye mfuko mmoja ziende naye.