Fainali ya SEC kibandani: namna ya kuiandaa Dodoma na watu wakaielewa

Wenye vibanda umiza wenzangu wa Ng'ong'ona, Nkuhungu na Chang'ombe, fainali ya SEC, ligi ya vyuo vikuu vya Marekani, inaweza kujaza ukumbi hata kama robo tatu ya watazamaji hawajawahi kuona futiboli ya Kimarekani. Ninaionyesha hapa Ng'ong'ona, jirani na UDOM, na ninaipenda kuliko mechi nyingi za soka za kati ya wiki. Lakini haiandaliwi kama Simba na Yanga. Ukiwasha projekta tu na kukaa, baada ya nusu saa utabaki na benchi.

Kwanza siku na saa. SEC ni umoja wa vyuo vikuu vya kusini-mashariki mwa Marekani, na fainali yake kwa kawaida huchezwa Jumamosi ya kwanza ya Desemba mjini Atlanta. Miaka ya karibuni imekuwa ikianza saa 10 jioni ya kule, ambayo kwetu ni saa 6 kamili ya usiku. Hapo simu itakuwa imeshaandika Jumapili. Ukiandika kwenye ubao wa nje "Jumapili saa 6", watu watakuja mchana wakitoka kanisani. Andika hivi: "Jumamosi usiku kuamkia Jumapili, saa 6 usiku." Wiki moja kabla, hakikisha kifurushi cha king'amuzi chako kina chaneli itakayoirusha, na mpe taarifa mwenyekiti wa mtaa. Mechi itamalizika saa 9 na nusu au zaidi, na majirani wana haki ya kujua kelele za nini.

Desemba ndipo mvua zetu zinaanza, na hapo kuna mambo mawili. La kwanza ni bati: mvua ikishuka, spika ndogo haifui dafu, kwa hiyo azima kubwa. La pili ni kumbikumbi. Mvua za mwanzo zikinyesha jioni, usiku wanafuata mwanga, na mwanga mkali kuliko wote mtaani ni wa projekta yako. Wataingia kwa mamia, kivuli cha kila mmoja kwenye skrini kikiwa kikubwa kama kunguru, na mabawa yatadondoka hadi kwenye vikombe vya chai. Washa taa kali nje, mbali na mlango, weka beseni la maji chini yake, kisha ndani zima kila taa isipokuwa projekta. Wengi watabaki nje. Jenereta iwe na mafuta kabla ya jioni, maana umeme ukikatika saa 8 usiku hutapata wa kukuuzia.

Sasa kazi yenyewe: waite watu saa 5, uwafundishe. Mtu aliyezoea soka hufuata mpira kwa macho. Kwenye mchezo huu atachoka mapema, kwa sababu mpira hufichwa makusudi: kotabeki, yule anayerusha au kugawa mpira, anajifanya anampa mwenzake, kumbe bado anao. Mwambie aache mpira, afuate namba za kwenye skrini.

Ukumbi wangu una mita tisa na kidogo kutoka mlangoni hadi ukuta wa skrini. Hizo ndizo yadi 10. Nachukua kiti cha plastiki nakiweka mlangoni, nawaambia: timu yenye mpira ina majaribio manne ya kukifikisha kiti hiki ukutani. Jaribio la kwanza, wamekimbia, wamepata yadi 3. Nasogeza kiti hatua tatu. La pili, wamerusha, mpira umeanguka chini bila kudakwa. Kiti hakisogei, lakini jaribio limeliwa. Halafu nauliza: tuko jaribio la ngapi, na zimebaki yadi ngapi? Wanajibu tatu na saba. Basi namba mbili kama hiyo "tatu na saba" ndizo zitakazokuwa kwenye skrini usiku kucha, na wakishazijua, mechi imefunguka. Kiti kikifika ukutani, wanaanza upya na majaribio manne mengine. Wakifika jaribio la nne bado mbali, mara nyingi wanaupiga mpira mbali kwa mguu ili wapinzani waanzie nyuma kabisa. Eleza hilo mapema, maana wageni hudhani ni woga na huanza kuzomea.

Pointi zieleze haraka: kuingia na mpira eneo la mwisho, yaani tachidauni, ni 6, na baada yake kuna nafasi ya kuongeza 1 kwa mguu au 2 kwa kuingia tena. Kuupiga katikati ya nguzo wakati wa mchezo ni 3. Kwa vyuo, mdakaji akigusa ndani kwa mguu mmoja inatosha, na mwenye mpira akigusa goti chini amekufa, yaani jaribio limeishia hapo, hata kama hajaguswa na mtu. Mengine watajifunza humo humo.

Wagawe watu upande mmoja mmoja kabla ya kuanza. Asiye na timu husinzia. Rangi husaidia: kwa mfano chuo cha Alabama ni damu ya mzee na nyeupe, Georgia ni nyekundu na nyeusi. Wape na historia kidogo. Fainali hii ilianza 1992, pale SEC ilipofikisha vyuo 12 baada ya kuwapokea Arkansas na South Carolina. Alabama waliwafunga Florida 28 kwa 21 mjini Birmingham. Tangu 1994 iko Atlanta. Siku hizi vyuo ni 16, na tangu 2024, walipoingia Texas na Oklahoma, hakuna tena kundi la mashariki na la magharibi: wawili wa juu kwenye msimamo ndio wanaokutana.

Na wasimulie ile ya 2024, Georgia na Texas, kwa sababu ndani yake kuna sheria nzima ya muda wa nyongeza. Dakika 60 ziliisha 16 kwa 16. Kwenye nyongeza ya vyuo kila timu hupewa mpira yadi 25 kutoka mwisho. Texas wakaanza, wakaambulia pointi 3 za mguu. Georgia walikuwa wanamtumia kotabeki wa akiba, Gunner Stockton, kwa kuwa yule wa kwanza, Carson Beck, aliumia mkono wa kurushia kabla ya mapumziko. Stockton akakimbia mwenyewe, akagongwa hadi kofia ikaruka, na sheria inasema kofia ikitoka unakaa nje jaribio moja. Beck akarudi na mkono wake ule ule mbovu, kazi yake ikiwa moja tu: kumkabidhi mpira Trevor Etienne. Etienne akaingia. 22 kwa 19. Ukimsimulia hivyo mtu saa 5 na nusu, hataondoka.

Sauti ya Kiingereza ipunguze, mweke kijana mwenye mdomo asimulie kwa Kiswahili. Asihangaike na majina yote. Ataje jaribio na yadi zilizobaki kila mara, kama ile "tatu na saba", inatosha.

Mwenye chipsi mpe ishara hii: tangu 2024 mchezo husimama zikibaki dakika 2 za kila nusu. Hapo ndipo aweke mafuta motoni, maana dakika 2 hizo huweza kuchukua 10 za kweli, na mapumziko ni dakika 20 tu. Chai ya tangawizi iuzwe tangu mwanzo, karanga pia.

Bodaboda wa kuwarudisha mabinti wa hosteli wapange mapema, uwajue kwa sura na kwa namba. Mechi ikiingia nyongeza wapigie mwenyewe, wasubiri.