Somo: Ulinzi shirikishi wa mtaa usiokufa baada ya miezi mitatu (kwa mitaa ya Mwanza na mialoni, yaani sehemu za ziwani zinapotia mitumbwi ya samaki)

Wakuu, habari za jioni. Wengi wameuliza mtaa ufanye nini vibaka wakizidi, nikaona niandike somo zima kuliko kujibu kipande kipande.

Mitaa mingi hapa Mwanza huanza kwa kishindo. Kikao kimoja cha hasira, vijana wanapewa virungu na tochi, firimbi zinalia wiki mbili tatu, halafu kimya. Kwa ninavyoona mimi, vikundi hivi vinauawa na pesa isiyo na hesabu na kipigo kisicho na mwenyewe. Mwizi ni wa tatu kwenye orodha. Kwa hiyo msishangae hatua za pesa na sheria zikiwa ndefu kuliko za doria.

Hatua ya 1: Anza na daftari, kirungu baadaye

Kabla ya doria yoyote, andikeni matukio kwa mwezi mzima: kimeibwa nini, wapi hasa, siku gani, saa ngapi, mwizi alikimbilia upande gani. Andikeni hata yale ambayo mtu hakwenda kuyaripoti kituoni, maana ndiyo mengi. Herman Goldstein, msomi wa Marekani, alishauri tangu mwaka 1979 kwamba polisi watafute tatizo linalozaa matukio, waache kukimbizana na tukio moja moja. Ushauri huo unafaa hata Igogo.

Mfano: watu hupenda kupanga doria kuanzia saa sita usiku. Lakini kwenye mitaa ya milimani, kama Mabatini au Bugarika, bodaboda inakushusha chini na unapanda kwa miguu katikati ya mawe. Anayeporwa simu pale ni mtu anayerudi kazini saa mbili usiku, au mama anayetoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi samaki Mwaloni Kirumba. Doria yenu ya saa sita itamkuta paka. Daftari ndilo litakalowaambia saa na kona.

Hatua ya 2: Wapateni watu sahihi

Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji na polisi kata hao ni lazima. Mpango wa polisi jamii ulishika kasi nchini kuanzia mwaka 2006, na baadaye kata zikapangiwa wakaguzi wa polisi, kwa hiyo kuna afisa ambaye kazi yake ni kuwasikiliza. Mfuateni na daftari mkononi. Anayekwenda na lawama tupu huambiwa "tutalifanyia kazi", na mnajua maana yake.

Kisha waiteni wale wanaosahaulika: vijana wa kijiwe cha bodaboda, mama lishe, walinzi wa maduka na wenye nyumba za kupangisha. Bodaboda wanajua nani ni mgeni na nani kabebwa akiwa na mzigo wa ajabu saa tisa usiku. Mkiwaanza kwa kuwashuku, mmepoteza macho bora ya mtaa. Na wanawake wawe ndani ya kamati kwa hesabu ya maana. Wao ndio wanaojua kona zipi hawapiti peke yao.

Hatua ya 3: Mkutano mkuu wa mtaa na pesa

Hapa ndipo penye kazi. Mchango upitishwe na mkutano mkuu wa mtaa, usiamuliwe na watu watano nyumbani kwa mwenyekiti. Muhtasari uandikwe na uwekewe saini. Kiwango kiwe kidogo kinacholipika; bora elfu moja inayolipwa na nyumba zote kuliko elfu tano inayolipwa na wenye maduka tu.

Mkusanyaji asiwe mtunzaji, na mtunzaji asiwe mwidhinishaji. Kila anayelipa apewe stakabadhi. Kila mwisho wa mwezi bandikeni ubaoni kwenye ofisi ya mtaa: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, kwa kazi gani, nani hajalipwa posho. Karatasi moja tu. Mtaa unaobandika karatasi hiyo hauhitaji kugombana na watu kuhusu mchango. Usiobandika, hata mkilinda vizuri namna gani, mwezi wa tatu mtasikia "hela zetu zinaliwa", na mchango unakatika.

Hatua ya 4: Walinzi

Majina yasomwe hadharani mkutanoni, mwenye pingamizi aseme, kisha orodha iende kwa polisi kata. Mkipata waliopitia mgambo, vizuri zaidi. Mlevi na mwenye kisasi waachwe hata kama wana misuli. Doria iwe ya watu kadhaa pamoja, wenye vitambulisho, na kitabu cha zamu kinachosainiwa.

Hatua ya 5: Mipaka ya sheria

Wazee wetu wa Usukuma wanaikumbuka sungusungu. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Shinyanga na Tabora kupambana na wizi wa ng'ombe, ikaenea hadi huku ziwani, na mwaka 1989 sheria ikaitambua. Mwano, yaani yowe la hatari, ukilia, kila mwanaume anatoka. Ilipunguza wizi kweli. Lakini pia kuna waliopigwa, waliotozwa na kutengwa na jamii bila kosa kuthibitishwa, wakiwemo vikongwe waliosingiziwa uchawi. Chukueni ile ya kutoka wote mwano ukilia. Ile nyingine iacheni.

Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hakuna kumlaza ofisi ya mtaa, hakuna "kumhoji kidogo" kwa fimbo, hakuna kumtoza hela ili aachiwe. Mtuhumiwa akifia mikononi mwenu, kesi ya mauaji itawahusu ninyi wenye majina kwenye kitabu cha zamu. Wale "wananchi wenye hasira kali" wa magazetini watakuwa wameshalala. Andikeni saa ya kumkamata na saa ya kumkabidhi, mpokeaji awape namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha kituo.

Hatua ya 6: Mazingira

Fyekeni vichaka, wekeni balbu nje ya kila nyumba, fuatilieni taa za barabarani kupitia diwani. Hili ni jepesi na linalipa kuliko doria.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Furu wa Igombe: Shikamoo mwalimu. Sisi huku shida ni injini za mitumbwi na nyavu. Hilo daftari lako linafanya kazi ziwani?

Jibu: Marahaba mama. Linafanya kazi sana. Kaeni na BMU, yaani kikundi cha usimamizi, ya mwalo wenu: kila injini iandikwe namba yake na mwenye nayo, na kila mtumbwi unaotoka na kurudi usiku uandikwe. Injini iliyoibwa bila namba, hata ikipatikana utaidai vipi? Nakala wapeni polisi, wakiwemo wanamaji, na mialo jirani, kwa sababu mara nyingi mali huuzwa mwalo mwingine.

Kijana wa Kijiweni: Kaka, mtaa wetu asiyetoka doria anatozwa faini elfu kumi papo hapo. Ni halali?

Jibu: Uliza faini hiyo imeandikwa kwenye sheria ndogo ipi ya halmashauri. Kama ni maamuzi ya kamanda wa doria na hakuna stakabadhi, mdogo wangu, hiyo ni hela ya soda. Lipeleke kwa mtendaji wa kata kwa maandishi.

Mpangaji Nyakato: Polisi wakiitwa wanasema hawaijui nyumba. Tufanyeje?

Jibu: Tumieni anwani za makazi za ile operesheni ya mwaka 2022. Kila mpangaji ajue jina la barabara na namba ya nyumba anayoishi, si "nyuma ya mwembe". Ukipiga 112 taja hiyo kwanza. Kwa nyumba za juu mlimani, kubalianeni kijana mmoja ashuke barabarani kulipokea gari.

Dada Isamilo: Tukio likiwa ni la mume kumpiga mke, walinzi waingie? Huku wanasema ni ya ndani.

Jibu: Kipigo ni kosa, dada, ndani au nje. Walinzi wagonge, wahakikishe mama na watoto wako salama, kisha taarifa iende Dawati la Jinsia na Watoto kituoni. Akiumia apewe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Wasiwasuluhishe usiku ule. Kuhusu mtoto kuna namba 116 pia, ni bure.

Mzee wa Mkuyuni: Polisi kata wetu tumemwona mara moja tu, siku ya kutambulishwa. Tukimsubiri tutaibiwa hadi milango.

Jibu: Msimsubiri mzee wangu, anzeni na daftari. Mwalikeni kwa barua ya mtaa yenye tarehe, nakala kwa mkuu wa polisi wa wilaya, mtunze iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asipotokea mara mbili, mwenyekiti na diwani waende na nakala hizo wilayani.