Usisafirishe folda ya venv: jinsi ya kufungasha programu ya Python ikafunguka kwa mteja asiye na intaneti

Wengi wakimaliza programu wanazipu folda nzima, venv ikiwemo (folda yenye Python na laibrari za programu hiyo pekee, yaani kodi ya wengine unayoitumia), wanamtumia mteja, halafu simu zinaanza: mbona haifunguki? Fungua venv/bin/pip (pip ndiyo inayoweka laibrari) uone mstari wa kwanza, utakuta kitu kama #!/home/asha/duka/venv/bin/python, yaani njia kamili ya mashine yako imeandikwa humo, sasa ikifika kwenye mashine isiyo na huyo asha itaelekea wapi? Venv inatengenezwa palepale inapotumika. Kinachosafiri ni kodi yako, orodha ya laibrari, na laibrari zenyewe.

Hatua ya 1. Ndani ya folda ya programu:

python3 -m venv venv
source venv/bin/activate

Windows ni venv\Scripts\activate. Kwenye Ubuntu au Debian ikigoma, anza na sudo apt install python3-venv. Na tafadhali usilazimishe kwa --break-system-packages, Python ya mfumo ina kazi zake, iache.

Hatua ya 2. Weka unachohitaji tu (hapa mfano ni Flask, laibrari ya kutengenezea programu za wavuti), halafu andika orodha:

pip install flask
pip freeze > requirements.txt

Isome hiyo faili. Werkzeug na Jinja2 ni sawa, Flask inazihitaji, ila ukiona pandas na wala huitumii, futa venv uanze upya, ni kazi ya dakika chache tu.

Hatua ya 3. Kusanya laibrari:

pip wheel -r requirements.txt -w laibrari

Hapa ndipo watu wanapokwama kwa hiyo twende polepole. Angalia majina ya faili za .whl, yaani laibrari zilizokwisha fungashwa. Iliyoandikwa py3-none-any inakubali popote, lakini MarkupSafe, nayo inayokuja na Flask, utaikuta kwa mfano na cp311 na manylinux, maana yake ni ya Python 3.11 kwenye Linux, Windows haitaitaka. Kama mteja ana Windows na wewe uko Linux, tumia hii badala yake:

pip download -r requirements.txt -d laibrari --platform win_amd64 --python-version 3.11 --only-binary=:all:

Halafu kuna mtego: click, inayokuja na Flask, ikiwa Windows inadai colorama, na ukiwa Linux pip haiioni kabisa. Iongeze kwa mkono kwenye requirements.txt kabla ya kudownload. Ukiweza kupata mashine ya Windows ufanyie kazi hii hukohuko, mimi naona ndiyo bora zaidi.

Hatua ya 4. Kwa mteja, umefika na flashi yako, tengeneza venv mpya kama hatua ya 1, kisha:

pip install --no-index --find-links laibrari -r requirements.txt

Hiyo --no-index inaikataza pip isiende mtandaoni, kwa hiyo hata bando likiwa limeisha kazi inaendelea.

Kabla hujatoka ofisini jaribu yote haya kwenye mashine inayofanana na ya mteja, folda tofauti, data umezima. Ikikuandikia No matching distribution found, jina linalofuata ndiyo laibrari iliyokosekana au ya vesheni isiyo sahihi, iongeze kwenye folda urudie mpaka ipite.