Kupanda Tangawizi Nyumbani Kisumu

Tangawizi hupenda joto na unyevu, na Kisumu, mji ulio kando ya ziwa kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,130, una vyote viwili. Adui wake ni maji yaliyotuama. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa uwanda wa Kano, jirani na mji, hushika maji siku nyingi baada ya mvua, na tunguu, yaani ile sehemu nene ya chini ya ardhi tunayoila na kuipanda, likilala humo huoza kabla ya kuchipua. Msimu wangu wa kwanza nilipanda shimoni, kama apandavyo mtu mgomba, nikaambulia uvundo mtupu.

Kwa hiyo inua tuta lenye kimo cha sentimita 30 hivi, au tumia gunia lililotobolewa chini, ukichanganya udongo, mchanga na samadi iliyooza vizuri, maana samadi mbichi huunguza mizizi. Kivuli chepesi cha mpapai kinafaa sana, kwa kuwa jua kali la adhuhuri huyababua majani.

Mbegu si lazima itoke mbali. Katika soko la Kibuye chagua matunguu manono, yasiyokunjamana, ambayo macho yake yameanza kuvimba. Yakate vipande vya sentimita 3 hadi 5, kila kimoja kikiwa na jicho moja au mawili, uvipake majivu mahali palipokatwa na kuviacha kivulini siku mbili ili kidonda kikauke. Wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kuwahi mvua, kisha hulaumu mbegu.

Mvua za masika zinapoanza mwezi Machi, fukia vipande sentimita 5 chini, macho yakielekea juu, kwa nafasi ya sentimita 25, halafu tandaza nyasi kavu. Machipukizi huweza kuchukua mwezi mzima kutokeza, kwa hiyo usifukuefukue kutazama. Magugu yang'olewe kwa mkono, kwani mizizi iko juujuu, na kila matunguu yanapochungulia yafunikwe kwa udongo.

Mmea ukinyauka ghafla ilhali udongo una unyevu, na shina likang'oka bila kuvutwa kwa nguvu, uondoe pamoja na udongo unaouzunguka, wala usipande tangawizi tena hapo kwa miaka kadhaa.

Tangawizi changa huweza kuchimbwa baada ya miezi 6, lakini ile kali ya chai hungoja miezi 8 hadi 10, majani yanapogeuka manjano na kulala. Matunguu bora yasiende jikoni: yahifadhi mahali pakavu penye hewa, yangoje masika yajayo.