Namna ya Kumpima Mbwa Maradhi ya Moyo
Kabla ya kwenda kwa daktari wa mifugo, hesabu pumzi za mbwa wako kwa dakika nzima akiwa usingizini, kifua kupanda na kushuka kikiwa pumzi moja. Zikizidi 30 mara kwa mara, usichelewe. Daktari ataanza kwa kuusikiliza moyo, lakini sauti isiyo ya kawaida peke yake haionyeshi ukubwa wa tatizo, hivyo ulizia kipimo cha mawimbi ya sauti, ambacho huonyesha vali (vilango vinavyoongoza damu) na misuli ya moyo ikifanya kazi. Eksirei hufaa zaidi kutambua maji mapafuni. Kwa mbwa wa aina ya Doberman, ambaye mapigo yake huweza kuvurugika bila dalili yoyote, kurekodi umeme wa moyo kwa saa 24 ni bora kuliko kwa dakika chache.